Somo na Kitani Safi

Jina lake halina kazi hapa. Pale Kilwa Kivinje sisi wasichana wote wa rika langu tulimwita Somo, kwa sababu ndiye aliyetufunda tulipovunja ungo. Alitufunza kukaa, kupokea mgeni, kukunja mkeka, na kunyamaza. Kwenye kunyamaza mimi nilifeli, na yeye mwenyewe alimtangazia mama yangu barazani, watu wanasikia.

"Huyu mengine yote kashika," akasema. "Mdomo wake tu hauna pindo."

Nikamjibu, "Si ushone wewe, Somo, fundi si ndo wewe?"

Mama akanifinya. Somo akacheka mpaka uzi ukamtoka kinywani.

Maana kinywani mwake muda wote kulikuwa na uzi. Alikuwa mfupi, mwembamba, na alichomeka sindano kwenye khanga yake begani, leo kulia, siku nyingine kushoto, kwa hiyo kabla ya kumkumbatia ulikuwa unauliza kwanza sindano iko wapi. Akiongea na wewe meno yake yako kwenye uzi, na maneno yanapita pembeni. Ulizoea. Mgeni angedhani anatukanwa, na mara nyingine angekuwa sahihi.

Alishona kwa mkono. Cherehani alikuwa nayo, imefunikwa kitambaa, juu yake pamewekwa bilauri. Alisema cherehani inashona haraka kuliko akili ya mtu, unashtukia umeshakosea mpaka chini. Ukimwomba chakula, mchele, kitoweo, hata khanga yake ya mwilini, atakupa na hatauliza tena. Ila sindano hakumwazima mtu. Mama mmoja jirani, damu moja kabisa, aliomba sindano kuchomolea mwiba wa mtoto. Somo akatoka nayo mwenyewe, akamchomoa mwiba yule mtoto, akarudi nayo. Uongo aliuchukia kuliko kitu chochote, lakini ukimuuliza umri wake anakutajia miaka ambayo kwa hesabu yake angekuwa kazaliwa baada ya mdogo wake.

Sasa kitani.

Enzi za ujana wake aliwahi kushona mapazia na vitambaa vya meza kule Boma, kwa mke wa Bwana Shauri mmoja wa zamani, mkuu wa wilaya wa Kizungu, na huko ndiko alikokijua kitani. Vipande vilivyobaki alipewa. Tangu hapo, kwa Somo, duniani kulikuwa na kitani safi halafu kulikuwa na matambara. Ukimruhusu aanze, hamalizi. Kitani kinakunywa jasho na hakinuki. Kitani ukikilowesha kinazidi nguvu. Kitani unakiloweka kabla hujakikata ili kijirudi mapema, unakianika kivulini, unakipiga pasi kingali na unyevu, upande wa ndani, kwa makaa ya vifuu, maana makaa mengine hayana moto wa maana. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne na nikajiona msomi, lakini somo la kitani nilimaliza kwa Somo, tena bila kutaka.

Na yeye alivaa nini? Gauni la chiti, limepauka, limetiwa viraka kwapani. Nikamuuliza siku moja, "Somo, kitani chako kiko wapi?"

"Cha kuvaa mimi nani ananitazama?"

"Sasa utajuaje kama kinadumu?"

"Nyamaza, ufume kofia hiyo."

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza ndipo madukani kilipoingia kile kitambaa cha mchanganyiko. Ukikitazama ni kitani, ukikishika ni kitani, lakini ndani wamekitia uzi wa kiwandani, wenyewe wakaita terilini. Wanaume wakakipenda kwa sababu hakikunjiki. Mtu anapanda lori Lindi, anabanwa na magunia njia nzima, anashuka Kivinje suruali imenyooka kama ndiyo kwanza anatoka kwa dobi. Somo alikiona kama mtu anavyomwona mwizi kavaa kilemba.

Akapata namna ya kukikamata. Anachomoa uzi mmoja pembeni, anauwasha kwa kibiriti. Kitani safi kinaungua kama karatasi, kinabaki jivu laini, unalipuliza linakwenda. Cha mchanganyiko kinajikunyata, kinayeyuka, kinabaki kipunje kigumu, cheusi. Anakiweka kile kipunje kiganjani mwako. Mwenye duka akimwona anakuja na kibiriti anasimama kabisa.

"Bibi, utanichomea duka!"

"Duka lako sina haja nalo. Nataka uzi mmoja."

"Hiki kimetoka mbali, bibi, Ulaya huko."

"Usinambie kilikotoka. Nipe uzi."

Yote hayo yangekuwa kichekesho tu kama si mambo ya sanduku.

Kwetu, kabla ya ndoa, upande wa bwana harusi wanaleta sanduku la mwari. Khanga, manukato, viatu, udi, na kila kitu. Wanawake wanakaa mkekani, sanduku linafunguliwa, vitu vinatolewa kimoja kimoja, vinashangiliwa kwa vigelegele. Mtaani kwetu Somo aliongeza sharti lake. Lazima kiwemo kitambaa cha gauni la mwari na kanzu ya bwana harusi, vyote vimekatwa kwenye jora moja, kitani safi. Aliviita nguo ya miaka. Alisema ndoa ianze na kitu kitakachomzidi umri mtoto wa kwanza. Na kwa kuwa wasichana wote ni wake, masanduku yote alikagua yeye. Kibiriti kinatolewa, vigelegele vinakatika, watu wanabana pumzi kama wanasubiri mtihani wa kumaliza shule. Jivu likipepea, nderemo. Kipunje kikibaki, sanduku linafungwa mpaka kitambaa kibadilishwe.

Kuna utingo mmoja wa lori alirudishwa dukani, akaleta kingine, akarudishwa tena. Akasimama uani akapaza sauti, "Somo, naoa binti au naoa jora?" Tulicheka siku nzima. Lakini alikwenda akabadilisha. Kila mtu alikwenda akabadilisha.

Somo alikuwa na binti mmoja tu, Zuhura, shoga yangu. Mimi na Zuhura tumefundwa pamoja, tumepigwa pamoja, na mimi ndiye niliyeanza kuona kwamba kila lori la chumvi likisimama Kivinje, Zuhura anakumbuka kuchota maji. Kwenye lile lori alikuwapo kijana wa Kiswere, Saidi, anayefanya kazi kwenye majaruba ya chumvi. Mikono imepasuka kwa chumvi, sauti ya taratibu. Alipoleta posa, watu wazima wakakubaliana, na Somo mwenyewe akasema kijana ana adabu. Hakuna aliyekuwa na neno.

Siku za kununua kitambaa zilipofika, Saidi alinipa kipande nimpelekee Zuhura, ukubwa wa kiganja. Cha mchanganyiko. Akanambia, "Mwambie huku chumvini kitani kinakatika kwenye mikunjo. Baba yangu zimemkatikia kanzu, zinapasuka mstari ulionyooka kama zimekatwa na wembe. Hiki hakikatiki. Lakini achague yeye. Akitaka kitani, nanunua kitani."

Sijui kama mnanielewa. Achague yeye. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia mwari anaulizwa hata rangi ya kikombe.

Zuhura akakifikicha kile kipande, akakilowesha, akakibana kwenye ngumi, akakiweka chini akakikalia mchana kutwa huku tunapeta mchele. Akakitoa. Hakina hata kunyanzi.

"Mwambie nimechagua hiki," akasema, na uso wake siku ile, mimi ninayecheka kila kitu, nilishindwa kuucheka.

Nikamwuliza, "Na mama yako?"

Akajaribu. Nilikuwapo. Somo anatunga uzi kwenye sindano, Zuhura anasema kwa mbali, "Mama, eti hiki cha mchanganyiko nacho kinadumu."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Hao watu waje niwaone." Basi, maongezi yameisha.

Siku ya sanduku ikafika. Nyumba imejaa, udi unafuka, wanawake wa Kiswere upande huu, wa Kivinje upande ule, wanataniana kwa mafumbo. Aliyewaongoza wa Kiswere ni shangazi yake Saidi, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa. Mimi nilikaa chumba cha ndani na Zuhura, maana mwari hatoki; katikati yetu na ukumbi kuna pazia tu, na pazia lenyewe lina tundu. Tukachungulia kwa zamu. Khanga zikatoka, vigelegele. Viatu, vigelegele. Kisha kitambaa.

Somo akakipokea, akakipapasa. Mimi nilimjua. Vidole vyake vilijua hata kabla ya kibiriti. Kwa muda kidogo alikaa tu na kile kitambaa mapajani, na nadhani, hadi leo nadhani, alikuwa anatafuta jinsi ya kukipitisha. Lakini wanawake wa Kivinje wamemkodolea macho, na wengi wao waume zao walirudishwa madukani na mkono huohuo. Akachomoa uzi. Akawasha.

Kipunje kikabaki.

"Hiki si kitani," akasema.

Shangazi wa Kiswere akacheka kile kicheko chake. "Si kitani tupu, dada yangu, ni mchanganyiko. Huko kwetu chumvini ndicho kinachostahimili. Hatukuficha."

"Sharti lilikuwa kitani safi."

"Sharti tumelisikia. Lakini atakayevaa si ndiye mwenye neno?"

Na hapo Zuhura, mwari, anayetakiwa asisikike hata kukohoa, akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti yake yote: "Mama, nimekichagua mimi."

Jamani! Mtoto mmoja alikuwa anatafuna kashata akaacha. Zuhura akachungulia, kisha nami nikaweka jicho kwenye tundu. Somo alikuwa ameinamisha kichwa, na nikasema moyoni, sasa atacheka. Angecheka tu. Angesema, "Huyu naye mdomo hauna pindo," kama alivyosema kwangu, watu wangeangua kicheko, tungekula pilau.

Akainua kichwa. "Nani kasema?"

"Mwari kasema," shangazi akajibu, sasa hacheki. "Wote tumemsikia."

"Mimi sikusikia kitu," Somo akasema. "Kuna aliyesikia?" Akawatazama wanawake wa Kivinje mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakatazama mkeka. Wote aliwafunda yeye, ama mabinti zao. Kunyamaza walifaulu.

Shangazi akakusanya khanga zake, akazikunja vizuri bila haraka, akafunga sanduku. Akasema, "Kitambaa tungebadilisha, dada. Hata leo. Lakini nyumba ambayo mtoto anasema na mama yake hasikii, sisi wetu hatumwachi hapo." Wakatoka. Zuhura hakulia. Alikaa kitandani akitazama ukuta, na mimi nimekaa naye nimeshika mkono wake, na kwa mara ya kwanza nikaona na mimi kunyamaza nimefaulu.

Saidi alituma watu mara moja tena. Somo akawaambia walioondoka na sanduku lao wasirudi. Baadaye tukasikia kaoa hukohuko Kiswere.

Zuhura akaolewa Pande, na mtu mwenye mashamba ya mikorosho. Sanduku lilikuja na kitani safi, jivu likapepea, nderemo kidogo. Mume ni mtu mpole, anaswali, anamheshimu mkwewe. Sina kosa la kumtajia ila moja tu, kwamba si Saidi. Zuhura aliondoka Kivinje akiwa kafunikwa mpaka machoni, akambusu mama yake mkono, na tangu siku ile hakurudi. Sikukuu zikapita, misiba ikapita. Salamu zilikuja kila msimu, pamoja na korosho, tena korosho nzuri. Ukimuuliza Somo, anasema, "Kaleta korosho. Mtoto mwenye kumbukumbu." Anazigawa mtaani zote, yeye haonji.

Halafu kukatokea jambo la kanzu. Marehemu mumewe aliacha kanzu ya kitani iliyoshonwa na Somo mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa ushahidi wake wa siku zote: nguo ya miaka mingapi hiyo, haina tobo. Ilikaa sandukuni, imekunjwa. Nilishamwambia, "Somo, hata mimi ukinifungia sandukuni nitadumu." Sasa siku hiyo alikuwa anaitoa kumwonyesha binti mmoja wa kumfunda. Akaikunjua. Ikapasuka. Pale mikunjo ilipopita, mgongoni, mabegani, kwenye mikono, mistari imenyooka kama imekatwa na wembe. Vipande vikabaki vinaning'inia.

Yule binti akaogopa. Somo akasema, "Panya."

Nikasema, "Panya gani anayetafuna kwa rula, Somo?"

Neno lile lilinitoka kwa mazoea tu. Hakunitukana, hakunitupia kitu. Alikaa chini na ile kanzu na akaanza kuikunja upya, lakini kila akikunja inaachia pengine. Kuanzia hapo hakukagua sanduku la mtu. Wakimwita anasema macho yamepungua. Macho yake yalitunga sindano hadi jioni bila taa.

Mimi nami nikaolewa, nikahamia Mingoyo. Sanduku langu lilipita salama. Mume wangu alileta hariri ya uongo na hakuna aliyewasha kitu. Nikawa narudi Kivinje mara chache, na mara ya mwisho niliyokwenda ndiyo hii.

Nilimkuta Somo kavaa buibui, kakaa mlangoni na kifurushi. "Shikamoo, Somo."

"Marahaba. Umechelewa. Twende Pande."

"Pande? Sijashusha hata mzigo!"

"Usiushushe, ndo vizuri."

Tukapanda lori la kusini. Njia nzima hakuwa na uzi kinywani, na bila uzi midomo yake haikujua ikae vipi.

Zuhura tulimkuta uani anamenya muhogo, na mtoto wa kike kando yake. Alimwamkia mama yake kwa adabu zote. Akatandika mkeka mpya, akaleta maji ya kunawa, akaleta sahani zile za maua ambazo mtu anazitoa kwa wageni wa mbali. Ndivyo Somo alivyotufunza kumpokea mgeni, kila kitu mahali pake. Somo akaitazama ile sahani kwa muda mrefu. Angeletewa chakula kwenye kifuu na mtoto anayemgombeza, nadhani angefurahi zaidi.

Tulipomaliza kula akasema, "Zuhura. Siku ile nilikusikia."

Zuhura akaendelea kukusanya vyombo. "Najua, mama. Kulikuwa na tundu kwenye pazia. Nilikuona ulivyoinama."

"Nilisikia vizuri kabisa. Nikaona haya kwa watu."

"Najua."

"Basi nimekuja kukwambia."

Zuhura akaweka vyombo chini. Sauti yake haikupanda. Ingepanda ningejua la kufanya. "Umesema, mama, Mungu akulipe. Lakini siku ile ulisema mbele ya watu wote. Leo unanambia mimi peke yangu, na mimi nilikuwa najua." Akamwinua mtoto. "Msalimie bibi, anaondoka."

Alitusindikiza hadi barabarani. Alimbusu mama yake mkono. Ndio hivyo tu.

Tuliporudi Kivinje sikudhani Somo atatoka ndani. Asubuhi nikamkuta tayari yuko barabarani, anapiga hodi nyumba ya kwanza. Nikamfuata. Mwenye nyumba akatoka, mmoja wa wale waliotazama mkeka.

"Nimekuja kwa ajili ya siku ile ya sanduku la Kiswere," Somo akasema, amesimama, hataki kuketi. "Zuhura alisema, nami nikakana. Nilimsikia. Na wewe ulisikia."

Yule mama akakunja uso, anatafuta. "Sanduku lipi hilo, Somo?"

"La wale watu wa chumvi."

"Aa! Walioleta khanga nzuri? Yakaishia wapi yale? Karibu chai basi, jua limeanza."

Hakutaka chai. Akaenda nyumba ya pili. Wa pili alikumbuka kitambaa, sauti hakukumbuka. Wa tatu alisema hakuwepo, na nilimwona mwenyewe siku ile akiwa kakaa karibu na udi. Wengine walishazikwa. Mmoja alimcheka kwa upendo, "Somo nawe, mambo ya zamani hayo, nani anayaweka kichwani?" Somo akamtajia Zuhura, kwa jina, na mahali anapokaa, na akaondoka.

Mlango wa mwisho ulipofungwa alisimama katikati ya njia, buibui limejaa vumbi hadi magotini. Nikamwambia, "Somo, umewafikia wote. Twende ukapumzike."

"Sijawafikia wote," akasema. "Bado yule shangazi. Yeye hakusahau."

Akaniuliza kama lori la Kiswere bado linasimama sokoni. Nikamwambia linasimama. Nikataka kuongeza neno la kumchekesha, lile la utingo labda, au la panya. Nilikuwa nayo mengi. Akanyoosha buibui lake, akaelekea sokoni peke yake, na alikuwa anatembea haraka kama mtu anayeogopa kuachwa.